Benchi ya Wale Waliobaki Nyumbani

Wakija tena kuniuliza habari za baba yangu, nitawafukuza na mchi. Naanza na hilo ili mutu asinisome akifikiri hasira yangu imepoa. Haijapoa. Nimezeeka, meno yamepungua, lakini nikimkumbuka yule munganga wa kizungu na mizani yake kwenye baraza ya shule pale Nchelenge, kando ya ziwa, damu inanichemka.

Baba yangu alikuwa mfungwa wa vita. Nasema wazi kwa sababu maisha yake yote hakuna aliyelisema. Alikuwa kijana Waingereza walipokuja kuchukua vijana wa Luapula kwa vita yao, ile ya pili, wakampeleka kaskazini mbali, jangwani, kupigana na watu ambao hakuwahi hata kuwasikia. Huko wakashikwa, yeye na wenzake. Walifungwa minyororo miguuni, wakavunja mawe ya barabara, wakasimamishwa juani kwenye mstari kuhesabiwa, asubuhi na jioni. Aliyeanguka kwenye mstari hakuna aliyemwinua.

Huku nyumbani watu wa boma walileta habari kwamba amepotea. Ndugu zake walingoja. Mvua ikaja ikaenda, ikaja tena, na hakuna barua. Mwishowe wakakaa chini wakasema kijana amekufa, na roho yake inazunguka bila mahali pa kukaa. Wakafanya kilio, wakanyoa nywele. Kisha wakafanya lile linalofanywa kwetu kando ya ziwa mutu akifa: jina lake likapewa mutu mwingine. Mutoto wa dada yake, aliyekuwa ndiyo kwanza anaota ndevu, akakalishwa juu ya mkeka, akanyweshwa maji, akafungwa ushanga mweupe mkononi. Tangu siku hiyo yeye ndiye akawa baba yangu. Sisemi kwa mfano. Wazee walimsalimia kwa jina lile, dada za baba walimwita kaka, na mama mzazi wa baba alimwita mwanangu. Akisimulia mambo ya marehemu, alisema "mimi".

Halafu marehemu akashuka kwenye lori, amevaa koti la jeshi.

Mawe, mama wee! Mama yake alizimia kwa furaha. Wengine walikimbia. Furaha ilipokwisha, ikabaki shida: jina lilikuwa kwa mupwa, na watu waliamini kwamba jina moja likikaa juu ya watu wawili walio hai, mmoja lazima afe. Kumvua mupwa jina ilikuwa ni kumuua. Baba alisema basi, abaki nalo. Akafanya na zaidi. Alikaa na mupwa pembeni, akamweleza kila kitu, minyororo, mawe, mstari, kwa sababu jina halipewi nusu. Anayelibeba abebe na mambo yake yote. Baada ya hapo hakuyataja tena kwa mutu yeyote. Haya yote ni mama aliyenieleza. Baba hakunieleza hata neno moja.

Kwa hiyo aliishi bila jina. Walimwita "yule wa koti". Wanawake wa upande wetu walikataa kuolewa na mutu aliyekwisha kuliliwa. Mama yangu alitoka ng'ambo, Kilwa ya Congo; alikuwa anavuka na mafuta ya mawese, akirudi na samaki wakavu, na hakujali upuuzi huo. "Mufu gani anakulaka bukari mingi vile?" alisema, akiangalia sahani ya ugali iliyokwisha, akamchukua. Ndiyo maana nyumbani tulisema Kiswahili, mama cha Congo na baba cha kambi ya jeshi, wakati majirani wote walisema Kibemba. Nilipozaliwa, ndipo watu walipopata la kumwita: baba ya fulani, na huyo fulani ni mimi. Lile jina la kwanza sitaliandika hapa. Limetumiwa vya kutosha.

Nyumba yetu haikuwa na mlango. Ilikuwa na uwazi wa kuingilia, na mkeka uliotundikwa. Mbuzi waliingia, kuku waliingia, mvua kutoka ziwani iliingia mpaka kwenye blanketi. Mama alipochoka alimwendea seremala wa Kashikishi, akaagiza mlango wa mbao za mukwa, mzito, mzuri, wa kuringia. Baba aliuangalia. Hakugomba. Aliubeba mgongoni, akauegemeza nyuma ya jiko, na hapo ukakaa miaka yote. Tukawa tunaulaza chini na kuanika mihogo juu yake.

Alikuwa pia hasimami kwenye mstari. Dukani alimtuma mama. Kanisani watu walipopangana kwa komunyo yeye alibaki amekaa, na katekista akawa anamwangalia kama mutu mwenye dhambi ya kutisha. Na mguu wake wa kushoto, juu ya kifundo, ulikuwa na kidonda kilichouzunguka kama bangili. Kilifunga, kikafunguka, kikafunga. Watoto wa jirani waliniambia baba yako ananuka. Niliwapiga. Nilikuwa na mkono mwepesi tangu mdogo.

Basi, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikiwa mwanamke mzima mwenye meza yangu ya samaki sokoni, ikaja Landrova ya yule munganga. Nywele nyeupe, soksi mpaka magotini, na Kiswahili cha kambi, kile cha kuamrisha. Alikuja na karani wa Lusaka wa kumtafsiria Kibemba. Walieleza kazi yao mbele ya watu: wanataka kujua kufungwa vitani kunamfanya nini mutu baada ya miaka mingi. Watawapima wazee, watawauliza wanalalaje, wanakulaje, wanaota nini, na watarudi kila baada ya miaka michache kuwauliza watu wale wale mpaka wafe.

Nilifurahi, jamani. Nasema kweli, nilifurahi mpaka nikaacha meza. Nilijiambia: hatimaye kuna mutu atamuuliza.

Kwenye baraza ya shule waliweka benchi mbili. Ya kwanza ya waliofungwa. Ya pili ya wazee wa umri ule ule ambao hawakwenda popote, ili wawalinganishe. Karani akaita majina aliyopewa na watu wa jeshi, na jina la baba yangu lilipoitwa, mupwa akasimama. Angefanya nini? Ni jina lake. Alikuwa mdogo kwa baba kwa miaka michache tu, na mvi zilimwahi. Akaenda akakaa kwenye benchi ya waliofungwa, akakunja mikono.

Benchi ya pili ilikuwa na nafasi. Karani akashuka ufukweni kutafuta wazee wa kuijaza, akamkuta baba anashona nyavu. "Wewe mzee, kuja." Baba akaja. Alipoulizwa jina akasema ni baba ya fulani. Wakamkalisha na wale waliobaki nyumbani.

Nilikuwa pale, naangalia kwa macho yangu mawili. Munganga alimsemesha kwa Kiswahili, na baba akamjibu kile Kiswahili chake kilichonyooka, "ndiyo, bwana munganga, hapana, bwana munganga", kisigino kwa kisigino kama askari, bila mwenyewe kujua. Muzungu akashangaa. "Wewe najua Swahili mzuri sana. Nafundishwa wapi?"

"Kwa bibi yangu, mama ya mutoto yangu," baba akasema. "Ni mutu wa ng'ambo."

Muzungu akacheka, akaridhika. Kisha wakaambiwa wapange mstari kwa mizani. Niliona shati la baba likilowa mgongoni. Kabla zamu yake haijafika, mkojo ulimtoka, mutu mzima, mbele ya ndugu na majirani. Wakamkalisha kivulini. Munganga akamshika mkono, akasema, "Jua kali," akaandika. Akauona na mguu. Akauliza kidonda ni cha nini. Baba akasema ni cha ziwa tu. Akaandika na hicho. Lo! Mutu amesafiri kutoka Ulaya kuja kutafuta alama ya mnyororo, anaishika kwa mkono wake, anaandika ziwa.

Jioni nilimkabili baba. Nilisema yote yaliyokuwa moyoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, sindano ya nyavu mkononi.

"Nyamaza," akasema. "Mupwa yangu iko na batoto. Unataka nimuue?"

"Ni jina tu, Baba!"

"Kwako ni jina tu. Nyamaza."

Nikanyamaza, kwa sababu yeye ni baba. Lakini mupwa nilimchukia. Nilimpita njiani bila salamu, na kwetu hilo ni tusi kubwa kuliko matusi.

Miaka ikapita. Landrova iliporudi, mguu wa baba ulikuwa umeharibika kabisa. Weusi ulikuwa umepanda kuelekea goti, na harufu ilituamsha. Wauguzi wa misheni waliosha na kufunga, wakasema mfupa umeingiliwa na ugonjwa, anahitaji kukatwa mguu na daktari wa mifupa, Ndola. Lakini kufika Ndola kwa njia yao ilikuwa kupanga mstari kwanza, kisha kulala wodini mlango ukifungwa, na baba alikuwa amekwisha kulala wodini mara moja. Walimkuta asubuhi chini ya dirisha, nje, amelala kwenye matope. Hakurudi tena.

Sasa sikia walichotangaza wazungu safari ile. Walisema mfungwa yeyote wa zamani mwenye ugonjwa atachukuliwa na Landrova yao wenyewe, moja kwa moja, bila mstari, bila kungoja, na ndugu mmoja wa kukaa naye usiku na mchana. Walisema hivyo! Na benchi ya waliobaki nyumbani hawakuahidiwa kitu zaidi ya chai na sabuni.

Nilipanda baraza kwa miguu yenye magamba ya samaki. Nikamwambia yule munganga, mbele ya watu, "Unapimaka mutu mwingine. Mufungwa ni baba yangu. Huyu alipewaka jina tu." Nikaeleza kilio, nikaeleza mkeka na ushanga, nikaeleza koti. Karani akatafsiri huku akinikazia macho ninyamaze. Munganga hakukasirika, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alisikiliza kwa adabu. Akasema kazi yao ina miaka sasa, watu hawawezi kuhamishwa benchi hivi hivi kwa maneno ya mutu mmoja, lakini atauliza.

Akamwita mupwa. "Wewe nashikwa vitani?"

"Njo mimi, ndiyo mimi," mupwa akasema. Na hakuwa anasema uongo, hebu nielewe vizuri. Kwetu alikuwa yeye. Akaanza kusimulia: nilifungwa mnyororo, nilivunja mawe, mwenzangu alianguka kwenye mstari nikasikia kichwa chake kikipiga jiwe. Maneno yale yale aliyopewa. Munganga akawa anatikisa kichwa kwa huruma. Kwa huruma! Mutu mwenye ngozi laini miguu yote miwili, ambaye safari yake ndefu ilikuwa Mwansabombwe na kurudi!

Nikasema, "Muulize baba sasa."

Tulikuwa tumembeba baba kwenye kiti mpaka pale. Nilipiga magoti mbele yake. Nilisema, "Baba, nakuomba. Sema neno moja. Sema ndiyo, leo unaenda Ndola." Mupwa alikuwa amesimama, uso umemwiva, akijua kwamba ndiyo moja ya mjomba wake inamvua jina, na baada ya kuvuliwa jina ni kifo. Watoto wake walikuwa hapo chini kwenye ngazi.

Munganga akauliza, "Wewe mzee nafungwa vitani?"

Baba alimwangalia mupwa, si munganga. "Hapana, bwana munganga," akasema. "Ule mutu alikufaka. Mimi nilikuwaka hapa, nashona nyavu."

Nilipiga kelele. Nilimwita baba yangu mjinga, mbele ya watu, na sitasema samahani, maana alikuwa anajiua mbele ya macho yangu kwa heshima. Karani alinishika mkono akanitoa.

Mupwa walimchukua wao. Alikuwa analalamika kwamba macho yanamsumbua. Alikwenda Ndola kwenye kiti cha mbele cha Landrova, akarudi na miwani.

Baba alikufa kabla ya mihogo ya mwaka ule kung'olewa. Sitaeleza alivyokufa. Mama alichoma majani nyumba nzima kuficha harufu, na mpaka siku ya mwisho baba aliomba mkeka wa kwenye uwazi uinuliwe, aone nje. Tuliwaita ndugu zake. Kwetu ndugu wa upande wa mama wa marehemu ndio wanaoleta sanduku, ndio wanaolia kwanza. Tulituma mutu, tukatuma mwingine. Jibu likaja kwa Kibemba, bila hata kupunguza makali: yule tulishamlilia zamani, tumlilie mara ngapi?

Hakuna sanduku lililokuja. Hakuna ubao. Wakaja washona nyavu wenzake, na katekista, yule wa dhambi ya kutisha, nashukuru alikuja. Mupwa alisimama mbali, kwenye vichanja vya kukaushia samaki, kwa sababu mutu haendi kwenye kilio chake mwenyewe. Alikuwa amevua miwani, anajifuta machozi, ushanga wake mkononi. Nilimwona, na sikumhurumia.

Mama akaenda nyuma ya jiko. Akaondoa mihogo, akaukwangua unga kwenye mlango wa mukwa kwa kisu, pole pole, mpaka mbao zikaonekana. "Mubebe na hii," akasema. Wakamlaza juu yake, wakampeleka.

Kwa hiyo mwisho wa miaka ile ya sabini, Landrova iliposimama mbele ya nyumba yetu kwa mara ya tatu, mimi nilikuwa natwanga. Munganga alishuka peke yake. Alikuwa amezeeka. Akavua kofia, akasema amesikia msiba. Nikampa kigoda, kwa sababu mama alinilea.

"Pole sana," akasema. "Baba yako mutu mzuri. Yeye nasaidia sisi sana kabisa."

Nikaendelea kutwanga.

Akasema kazi imekwisha sasa, na amekuja kushukuru. Wamewalinganisha wale wa benchi mbili, miguu, moyo, usingizi, hofu. Hapa Nchelenge hawakuona tofauti. Aliyefungwa na aliyebaki nyumbani ni sawa sawa. Tena mzee mmoja aliyefungwa, akasema, yuko na afya kuliko wote, analala vizuri, anacheka; kumbe mutu anaweza kupona kabisa. Hii habari mzuri, akasema. Halafu akaweka mkono kifuani. "Bila watu kama baba yako, sisi hapana jua mutu hajafungwa hata siku moja naishi namna gani."

Niliuweka mchi chini. Niliuweka kwa sababu niliogopa mikono yangu. Nikamshika muzungu yule kwa mkono wa shati, nikamwinua, nikamsimamisha mbele ya nyumba.

"Angalia," nikamwambia. "Miaka yote ya baba yangu, mvua, mbuzi, nyoka. Unaona nini hapa?"

Akaangalia. Aliangalia uwazi, akaangalia mkeka, akagusa miimo kwa kidole, mahali ambapo bawaba hazikuwahi kupigiliwa. Kwa muda nilifikiri ameona. Haki ya Mungu, nilifikiri sasa ameona.

"Hapana mlango," akasema. "Mbao nakosekana Nchelenge?"

"Mulango ilikuwaka," nikasema. "Mama aliinunuaka. Baba aliikataa mpaka anakufa, kwa sababu hakuwezaka kulala mahali panafungwa. Na alipokufa, ndugu zake hawakuleta hata ubao, kwa sababu walikuwa wamekwisha kumuzika wakati ya vita, na wewe ukapatia mutu mwingine hadithi yake. Tulimubebea juu ya ile mulango. Mu kaburi udongo ulikuwa unamwangukia usoni, kwa hiyo tuligeuza mulango, tukamufunika nayo."

Nikamwambia, "Andika hiyo."

Mkono wake ulikwenda mfukoni, ukagusa kalamu. Kisha akasema, taratibu, kama mutu anayemwomba radhi mutoto, kwamba karatasi zilikwisha kupelekwa Ulaya.

Ndipo nilipookota mchi.